Telefone ilikosa jina ku listi

Leo mimi, mwenye kusukuma matofali ku brouette, nimetengeneza programe ya ordinateur! Musicheke kwanza.

Binti yangu Furaha anasomea informatique hapa Bunia. Leo saa ine alipashwa kuonyesha ba prof programe yake. Inasomea batu barua kwa sauti.

Asubui, ku ordinateur inasoma vizuri.

Ku telefone, kimya! Inaandika tu: "Hakuna musomaji."

Mutoto akalia. Mama yake angekuwa hai, angemubembeleza. Mimi sijue ile kazi. Nikamuuliza: "Weye, unalia nini?"

"Papa, programe inajitafutia musomaji yenyewe, ni kile kipande inatoa sauti. Ordinateur iko na wake, telefone iko na wake. Ule wa telefone niliweka, lakini haimuone!"

Nikamuambia: "Ni kama ku chantier. Kapita, mukubwa wa kazi, haangalie sura, anasoma listi. Hata usimame mbele yake na pelle ya kuchimba, kama jina haiko, hauna kazi. Ule wako alijiandikisha?"

Akafungua listi ya basomaji ndani ya programe.

Jina moja tu. Ya ordinateur!

"Papaaa! Nilisahabu!"

Akaongeza mustari moja. Telefone ikasoma kwa nguvu mpaka bajirani bakatoka inje!

Ku masomo, akaelezea ba prof kosa ya asubui, na prof moja akamuuliza nani alimusaidia kuiona. Akanionyesha mimi, pale ku mulango, na bottes za matope.

Prof akaniuliza: "Papa, ulisomea wapi?"

"Ku brouette, prof."

Salle yote ikacheka. Na mutoto amepita!

Kesho nitarudia matofali. Lakini leo muniite ingénieur. Nani anaanza?