Mama Mkwe wa Katito na Maji ya Kioo

Tom Oyugi ni fundi cherehani wa mtaa wa Migosi, Kisumu, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hapeleki kitu kwa fundi mwingine. Redio ikikohoa, anaifungua. Bomba likivuja, analifunga kwa raba na kutangaza limepona. Mkewe, Jacinta, amezoea kukuta skrubu mbili zimebaki mezani baada ya kila kitu kuunganishwa. Tom humwambia zilikuwa za ziada. Mtu wa namna hiyo akinunua gari kuukuu, majirani hawakosi la kutazama.

Jumanne alasiri alikuwa ameinamia boneti, jasho linamtoka. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa vidudu vya ziwa, vile vinavyokuja mawingu kwa mawingu na kufia popote penye taa. Waipa zilipovipangusa zilivipaka kioo kizima kama siagi kwenye mkate. Na maji ya kuoshea kioo hayakutoka. Pampu ililia kule ndani, lakini tone halikuja.

Kesho yake asubuhi alikuwa amchukue mama mkwe wake kutoka Katito, ampeleke Kisumu kwa daktari wa goti. Mama Milka alikuwa amekwishakosa miadi miwili, na daktari alikuwa ameonya kwamba akikosa ya tatu, goti litakauka hivyo hivyo. Goti lenyewe lilikataa kukunjwa, na kiti cha nyuma cha gari hutaka magoti yakunjwe. Kiti cha mbele kina nafasi, lakini kiko bega kwa bega na dereva, na dereva ni mkwe. Hapo ndipo penye kazi. Mama Milka ni Mnyakach wa zamani, Mjaluo wa kushika mila: mkwe haketi karibu na mkwe, hawatazamani usoni, na neno likiwapo hupitia kwa binti. Kwa miaka kumi na moja Tom alikuwa akizungumza naye kwa kuzunguka. Alimpenda yule mama kwa dhati, na hakuwahi kupata njia ya kumwambia. Mama mwenyewe alikuwa ameahidi kujaribu kiti cha nyuma, basi.

"Kwani uliweka maji gani?" Jacinta aliuliza.

"Ya ziwa. Wale wa kuosha magari kule chini walinijazia mpaka juu."

"Ya ziwa, Tom? Na mfereji iko hapa nyuma ya nyumba?"

"Maji ni maji."

Hilo ni kosa la watu wa Kisumu. Aliyezaliwa kando ya ziwa haamini kwamba maji yake yanaweza kumfanyia ubaya. Yale yalikuwa yamekaa tangini miezi mitatu, yakaota ukijani. Tom alichomoa mpira wa kupitishia maji, akavuta kwa mdomo, akapata alichokitafuta: funda zima lenye ladha ya samaki wa ngege aliyesahauliwa juani. Jacinta alicheka hadi akashika ukuta.

Tom alitema, akamwaga tangi, akalisuuza mara nne, akapuliza mpira hadi macho yakamtoka. Kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati na kuzibua vile vitundu viwili vya kurushia maji juu ya boneti. Cha kulia kilikubali upesi. Cha kushoto kilikuwa kiburi, akakichokoa, akakizungusha, akakikazia mpaka kikageuka mahali pake. Mtu mwingine angejaribu aone maji yanaangukia wapi. Tom aliitwa chakula, akafunga boneti na kusema, "Imepona hiyo."

Asubuhi Jacinta alikuwa ameshafuta kioo kwa kitambaa. Walipita Ahero bila shida. Walipoiacha lami karibu na Katito, trekta liliwatangulia na kuwamwagia vumbi mpaka kioo kikawa rangi ya chai. Tom hakugusa maji. Alitaka mama mkwe auone ufundi wake kwa macho yake.

Mama Milka alitoka na fimbo yake, gauni la Jumapili, kitambaa cheupe kichwani. Tom alimsalimu kutoka upande wa pili wa gari, macho chini. Mama aliitikia akiwaangalia kuku.

"Jacinta, uliza mwenye gari kama barabara ilikuwa mzuri."

"Tom, mama anauliza kama barabara ilikuwa mzuri."

"Mwambie ilikuwa mzuri."

Na wote watatu walikuwa ndani ya hatua nne.

Tom akarudi kwenye usukani. Mama akajaribu kuingia nyuma kwa mlango wa kushoto. Mguu ukakataa. Akajaribu kwa kuanza na makalio, ukakataa. Mara ya tatu uso wake ulijikunja kwa maumivu.

"Jacinta, rudini tu. Nitakaa na goti yangu."

Tom alisikia. Asiyejua la kufanya hushika kilicho karibu, naye alishika kile kijiti cha maji kando ya usukani. Maji ya kulia yaliangukia kioo kama inavyotakiwa. Ya kushoto yaliruka juu ya paa, yakapinda kwa madaha, yakatua pwaa! juu ya kitambaa cheupe cha mama mkwe.

Tom aliruka nje, akasimama mbele ya boneti akiwaza ni mbuzi wa ukubwa gani angetosha kuomba msamaha wa jambo kama hilo.

Mama Milka alijifuta paji la uso polepole.

"Jacinta, uliza mwenye gari kama ananibatiza. Mwambie mimi nilibatizwa kitambo."

Jacinta alijaribu kuufikisha ujumbe, kicheko kikamshinda. Mama naye kikamkamata, na mwenye goti bovu hawezi kucheka akiwa wima. Mlango wa mbele ulikuwa karibu, dereva yuko nje. Akaufungua, akaketi, akaunyoosha mguu wote mbele yake, akashusha pumzi ndefu.

"Mwambie atengeneze hiyo kitu kabla haijamwagia mtu ingine," alisema.

Tom akainama na sindano, Jacinta akashika kijiti. Lakini Tom alikuwa ameinamisha macho kwa adabu, na anayetazama viatu vyake haoni maji yanaangukia wapi. Yalienda paani. Yakaenda ubavuni. Yakamrudia mwenyewe usoni.

"Jacinta, mwambie ashushe."

"Tom, shusha."

Neno lilipomfikia alikuwa ameshashusha kupita kiasi.

"Mwambie apandishe kidogo."

"Pandisha kidogo!"

Akapandisha, yakarudi paani. Walikwenda hivyo mara tano, ujumbe ukichelewa kila mara, mpaka Mama Milka akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Tom! Wacha hapo! Sasa kushoto kidogo. Na uangalie juu, wewe! Kazi gani hii unafanya kwa kuangalia chini?"

Tom akaangalia juu. Maji yalitua katikati ya kioo, waipa zikapita mara mbili, vumbi likaondoka. Mbele yake palikuwa na uso ambao hakuwahi kuutazama sawasawa: macho ya Jacinta, makunyanzi ya kicheko, tone la maji bado limening'inia kwenye nyusi. Mama hakugeuza uso.

"Hapo ndio sawa," alisema.

Jacinta akaenda kuketi nyuma bila kuambiwa. Tom akafungua mlango wake polepole, akasita mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mama Milka alikuwa anahangaika na mkanda wa kiti.

"Sasa hii inafungwa aje?" aliuliza, na hakumuuliza Jacinta.

"Vuta polepole, mama. Halafu ingiza hapa."

Akavuta, akaingiza, ukalia ta!

"Haya, ingia twende. Daktari ameningoja sana."