Mashine ya Aloys imedai pasiwedi

Leo nimezima mashine aliyoiwasha marehemu Aloys, aliyekuwa akitunza kompyuta zetu, na sasa haifunguki.

Asubuhi ya umuganda, Jumamosi ya kazi za pamoja za mtaa, kliniki yetu hapa Kacyiru hufungwa, kwa hiyo ndiyo siku yetu ya kusasisha. Tuna seva kubwa nne. Kila mashine pepe iliyomo, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, inawekewa programu saidizi mpya, kisha inajizima na kuwaka yenyewe.

Nikachagua zote. Nikabonyeza.

(Ndiyo, zote. Msinianze.)

Zimerudi zote isipokuwa ile ya faili za wagonjwa. Haikuwahi kuzimwa tangu aiwashe, na sasa inadai pasiwedi ya kuwakia aliyoiweka Aloys, na Aloys tulimzika mwaka jana.

Bosi akasema, "Mpigie mke wake, labda aliiandika mahali. Jumatatu wagonjwa wanakuja."

Nikapiga.

"Mama Keza, samahani kwa usumbufu. Kuna pasiwedi ya Aloys ya kazini. Unaijua?"

Alikuwa jikoni, nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Ngoja nimuulize," akasema.

Mwiko ukanyamaza.

Hakuna aliyekata simu.

Bado niko mbele ya skrini. Simu bado iko sikioni.

Ninyi mngemwambia nini?