Sindano na Sifuri Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu alinikuta Bigwa nimevaa viatu vya kuazima na shati la sikukuu ya Idi. Nilikuwa kijana wa Mgeta niliyekulia kwenye kubeba kabichi milimani, na naamini niliajiriwa kwa sababu ya miguu. Nilidhani nitapewa panga na sare. Nikapewa daftari, penseli, na darubini ambayo mkanda wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani.

Tulianza kupanda alfajiri, tukapita mashamba ya ndizi, tukaingia msituni kwenye ukungu. Akasimama ghafla.

"Fumba macho," akasema. "Niambie wako wangapi."

"Nani, mzee?"

"Ndege! Humu hutawaona, majani yamewafunika. Mhesabu ndege wa msituni anakula kwa masikio. Macho ni ya kule juu, kwenye nyasi."

Nilisema wanne. Walikuwa kumi na moja. Akacheka mpaka akashika mti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na vituo vya kusikiliza, yaani miti iliyopakwa alama ya rangi kandokando ya njia. Unasimama kwenye kituo dakika kumi bila kukohoa wala kujikuna, na kila ndege unampigia mstari daftarini. Daftari lilikuwa na safu mbili: M kwa aliyeonekana kwa macho, S kwa aliyesikika. Ukikosa kabisa, unaandika sifuri. Wageni wa kazi waliona haya kuandika sifuri, wakaacha nafasi wazi. Bwana Misitu hakuivumilia.

"Nafasi wazi ni uvivu," alitufokea. "Sifuri ni kazi. Aliyeandika sifuri alifika, akasimama, akasikiliza."

Neno hilo nililishika tangu siku ile. Nilikuja kuwa mtu wa kujisifia sifuri zangu, jambo ambalo mke wangu hakuwahi kulielewa.

Baada ya miaka mingi upande wa Bigwa nilihamishiwa Mgeta, kwetu. Mkuu wa Kituo cha misitu cha huko alikuwa mama mmoja kutoka mikoa ya Ziwa, mkali kwa buti chafu na mwandiko mbaya. Chini yake nilijifunza kutega nyavu nyembamba ambazo ndege hawazioni, kumtoa aliyenasa bila kumvunja unyoya, na kumvisha pete ndogo yenye namba mguuni. Mara kwa mara tulipanda mpaka uwanda wa Lukwangule, ambako msitu unakoma na nyasi zinaanza, na baridi inakufanya ujutie kila chai uliyoiacha nyumbani. Nilifurahi sana kule. Unalala kifudifudi kwenye umande, darubini machoni, hadi ndege ajitokeze juu ya bua na kujinyoosha, naye hajui kama unamtazama.

Lakini kipenzi changu alikuwa wa msituni. Ni ndege mdogo wa kijani, anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, na sauti yake ni nyembamba mno. Jina lake la kitabuni ni refu. Sisi wa kituoni tulimwita Sindano. Nilikuwa namsikia kabla ya wote, na sikuficha majivuno.

Kisha Sindano akaanza kupungua daftarini mwangu. Msimu mmoja wawili, uliofuata mmoja, kisha sifuri vituo vyote. Misimu mitatu mfululizo niliandika sifuri kwa mwandiko safi, na moyo ukiniuma.

Sifuri zangu zilifika mjini. Wakubwa wa huko wakaona ndege anakimbia kelele za watu, kwa hiyo njia ya kando ya msitu ifungwe. Ndiyo njia wanayopita wanawake wa kijijini kwetu na vikapu vya njegere kuyawahi malori ya Dar. Ikifungwa, watazunguka bonde zima na malori yatakuwa yameondoka. Dada yangu Mwanaidi ni mmoja wao.

Mkutano ukaitishwa shuleni. Mwanaidi akasimama, kanga kiunoni.

"Huyo ndege yupo," akasema. "Kila asubuhi tunapita anatupigia filimbi. Sasa mnafunga njia kwa ajili ya nani?"

Watu wakanigeukia mimi. Nikamjibu dada yangu mbele ya kijiji kizima: "Unasema hivyo kwa sababu ya njegere zako. Daftari halidanganyi."

Alikaa chini. Hakunisalimia tena.

Kabla ya kusaini amri ya kufunga njia, Mkuu wa Kituo alitaka hesabu moja ya mwisho. Akanipa msaidizi mpya, binti aliyetoka chuoni, jina lake Neema, mpole na mwenye adabu kupita kiasi. Asubuhi ile tulisimama kituo cha nne, kila mtu na daftari lake. Dakika kumi zilipokwisha niliandika sifuri. Nikachungulia la kwake: mistari mitatu kwenye safu ya S.

"Hiyo ni nini?"

"Sindano, mzee."

"Wapi?"

Akanitazama kwa wasiwasi. "Mzee, unanipima? Huyo hapo anaimba sasa hivi."

Nikakasirika. Nikainua darubini kufuata kidole chake, tayari kumfundisha kazi. Sindano alikuwepo. Alikuwa kwenye tawi kavu, mdomo wazi, koo likitetemeka, anaimba kwa nguvu zake zote, na mimi sikusikia chochote. Hondohondo wa mbali nilimsikia. Maji ya kijito niliyasikia. Ndege yule niliyemjua kuliko wote alikuwa kimya kabisa.

Niliketi kwenye mzizi. Neema alielewa kabla sijasema. Akafunga daftari lake.

"Mzee, mimi sitamwambia mtu," akasema taratibu.

Alitaka kunistahi, na nilishawishika, siwezi kukataa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili ya utumishi. Lakini akilini nilimwona Mwanaidi akikaa chini pale shuleni. Nikachukua penseli, nikakata sifuri yangu, nikaandika pembeni: "Ndege yupo. Masikio ya mhesabu yamekwisha."

Mkuu wa Kituo alisoma mara mbili. "Na zile za misimu mitatu?"

"Nilifika, nikasimama, nikasikiliza," nikasema. "Ila zifuteni."

Njia haikufungwa. Mimi nilipelekwa Lukwangule, kwenye kazi ya macho, nikamaliza utumishi wangu nimelala kwenye nyasi, na kusema kweli ilikuwa miaka mitamu. Niliaga kwa chai na maandazi, na Mkuu wa Kituo akazikagua buti zangu kwa mara ya mwisho.

Ninyi mnaoanza kazi hii mna vifaa vya kunasa sauti, nami nafurahi kwa ajili yenu. Ila niwaambie: msituni mle mna watu wanaopita kila siku na vikapu kichwani, na kwa miaka yote ile hatukuwahi kuwauliza wanasikia nini. Siku moja dada yangu alituuliza yeye, nami nikamkalisha.

Kumwomba radhi kulinichukua muda, kwa maana naye ni mkaidi, tumezaliwa tumbo moja. Siku hizi akirudi kutoka kwenye malori hupitia kibarazani kwangu, anatua kikapu, ananinyang'anya kikombe cha chai.

"Leo watatu, kaka," anasema. "Mmoja karibu na jiwe la maji."

Nami nachukua daftari. Nimechora safu ya tatu, baada ya M na S, nikaiandikia jina lake.