Ubao wa Magoti

Msumari hakuwa mtu wa kuogopa mbao. Hata majeneza aliyatengeneza huku akipiga mluzi, na mchana jua likimzidi alikuwa akijilaza ndani ya jeneza lililokwisha kupigwa msasa na kusinzia kidogo. Mteja akimkuta humo na kuruka nyuma, yeye huinua kichwa na kusema, "Usiogope, nakagua kazi."

Nilimfahamu vizuri. Mimi ni fundi viatu, na kibanda changu kilipakana na duka la mkewe, fundi cherehani tuliyemwita Pindo, kwa sababu nguo yoyote iliyopita mbele yake, hata ya mgeni, lazima aishike na kuigeuza aone pindo lake limeshonwaje. Karakana ya Msumari ilikuwa nyuma ya duka hilo. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila.

Kanisani kwetu alikuja padre mpya, kijana mchangamfu mwenye gitaa. Alisema kanisa limepoa kama friji. Akaisogeza altare karibu na watu, akaleta ngoma, akaiambia kwaya icheze na isisimame kama nguzo za umeme. Vijana wakarudi. Misa ya kwanza iliyokuwa ya wazee watupu ikajaa mpaka wengine wakasimama barazani. Hapo sina la kumlaumu.

Ila kulikuwa na ule uzio wa mbao uliotenganisha altare na waumini, mahali watu walipopanga mstari na kupiga magoti kupokea komunyo. Ulikuwa wa mbao ngumu, mweusi kwa uzee, na chini yake kulikuwa na ubao mrefu wa magoti. Ubao huo ulikuwa umelika. Magoti ya watu wa miaka mingi yalikuwa yamechimba vibonde, viwili viwili, kutoka ukuta hadi ukuta. Padre mpya aliwataka watu wapokee wamesimama, kwa foleni, na uzio ukabaki kuwa kitu cha watoto kugongea vichwa. Halmashauri ya parokia ilipokaa kuamua kama ung'olewe, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Msumari.

"Nitaung'oa mwenyewe," alisema. "Na mbao nitazipatia kazi."

Mama mkwe wake, yule bibi ambaye hata kwenye foleni ya Padre mpya alikuwa akipiga magoti sakafuni na kuzuia watu wote nyuma, alikuja dukani siku mbao zilipoletwa kwa mkokoteni. Alizitazama bila kuzigusa.

"Mkwe, umeng'oa mahali pa watu," alisema.

"Mama, ni mbao tu."

"Haya. Ni mbao tu."

Alivyolisema lile neno, niliacha sindano ndani ya ngozi nikainua macho. Bibi hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemwona mwenzake akiingia kwenye maji asiyojua kina chake, na ameshachoka kumwita.

Msumari akamtengenezea mkewe kaunta. Sehemu ya juu ya uzio ikawa mahali pa kupimia na kukatia kitambaa, na ule ubao wa chini akaufunga karibu na sakafu, upande wa wateja, waweke miguu. Vile vibonde vya magoti alivipiga randa mpaka ubao ukawa sawa kama kioo. Akapaka vanishi. Kaunta ilipendeza kweli. Mtaa mzima ulikuja kuishika.

Asubuhi iliyofuata vibonde vilikuwa vimerudi.

Msumari alisema ni unyevu, mbao nzee zina tabia zake. Akapiga randa tena, safari hii akaingia ndani zaidi. Siku mbili tatu zikapita, akainama kuokota kalamu yake ya useremala, na vidole vyake vikazama tena kwenye shimo laini, na pembeni yake la pili. Niliusikia mluzi wake ukikatika katikati. Tangu siku ile akawa anapiga mluzi akiwa nyuma tu, karakanani.

Halafu wateja wakaanza kunong'ona.

Mwanzoni Pindo alifurahia. Duka la cherehani ni mahali pa kelele, mtu akija kuchukua gauni lake na kukuta zipu imeshonwa kombo, mtaa wote utajua. Lakini watu walikuwa wakiingia na sauti zao, na wakifika kwenye kaunta sauti zinashuka. Nakumbuka yule mwuza samaki, mama mmoja ambaye hakuna kanisa lililowahi kumwona, akija juu juu na gauni lake begani, "Leo atanitambua! Leo atanieleza!" Alifika pale. Mikono yake ikaingia yenyewe chini ya kitambaa kilichokuwa kimetandazwa juu ya kaunta, kama wazee walivyokuwa wakificha mikono chini ya kile kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya uzio wakati wa komunyo, na kidevu chake kikainuka kidogo.

"Nimesahau nilichokuja kusema," alimwambia Pindo kwa sauti ndogo. Kisha akalia. Pindo akamshonea zipu upya, na wote wawili hawakutazamana.

Kilichonitia baridi mimi ni kingine. Shule zilikaribia kufunguliwa na watu walijaa kusubiri sare za watoto. Walibanana pale kwenye kaunta kiwiko kwa kiwiko, wengine wakabaki mlangoni juani, na katikati yao kulikuwa na nafasi. Nafasi ya mtu mmoja, si kubwa. Hakuna aliyeiingia.

"Jamani, sogeeni," Pindo akasema. "Mbona mmeacha pengo hapo na wenzenu wanaungua?"

Baba mmoja aliyekuwa upande wa kulia wa pengo akageuka. "Si kuna mtu?"

Mama wa upande wa kushoto akasema, "Nilidhani yuko na wewe."

Wakatazamana juu ya ile nafasi. Walisogea wote, lakini kila mmoja alisogea upande wake, na pengo likawa kubwa kuliko mwanzo.

Jioni walipokwisha kuondoka, Pindo aliniita nishike pale. Nikashika. Kaunta yote ilikuwa na ubaridi wa mbao, ila pale palikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ametoka kuinuka sasa hivi.

"Mwambie rafiki yako aitoe," Pindo akaniambia. "Mimi akinisikia anasema nimeanza mambo ya mama yangu."

Nilimwambia. Msumari hakubisha, na hilo lilinishangaza. Alisema atabadilisha ule ubao wa chini tu, sehemu ya juu haina neno. Akaja nao ubao mpya mchana mmoja mvua ikinyesha, duka halina mteja. Nilikuwa mlangoni, nimekuja kuazima mkasi. Pindo alikuwa amekaa upande wake wa ndani wa kaunta, akikata kola.

Msumari akapiga magoti ili afungue skrubu. Hakuchagua mahali, alipiga magoti mbele ya lile pengo kwa sababu ndipo skrubu ya kati ilipokuwa. Nikaona magoti yake yakiingia kwenye vibonde. Yaliingia kama mguu unavyoingia kwenye kiatu kilichomzoea mwenye nacho, na mimi kiatu kilichomzoea mwenye nacho nakijua. Bisibisi ikamponyoka. Hakuiokota. Mikono yake ikapanda, ikaingia chini ya ukingo wa kaunta. Kichwa kikalala nyuma. Akafumba macho, akafungua kinywa.

Mkasi wa Pindo ukanyamaza.

Kisha tukasikia, sote watatu, nguo ndefu ikiburuzika. Ilianzia upande wa ukutani, ndani ya kaunta, alikokuwa Pindo. Hatua moja, ikasimama. Hatua nyingine, ikasimama. Ndivyo padre wa zamani alivyotembea ndani ya uzio, akimpa huyu, kisha huyu. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, lakini sauti ile ilikuwa chini ya mvua na tuliisikia wazi. Pindo alirudisha miguu yake chini ya kiti, upesi, kama unavyompisha mtu apite. Sauti ikampita. Ikaja. Ikafika mbele ya Msumari, ikasimama.

Haikuendelea.

Msumari alitoa mlio nisioujua kwake, akajirusha nyuma na kujigonga bega kwenye mlango. Nilimshika. Alikuwa amelowa jasho kama aliyekuwa nje mvuani. Tulimkalisha kwenye kiti changu, kule kibandani, na Pindo akamshika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama.

Ndipo akasema jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia. Alipokuwa mtoto, mwaka wa komunyo yake ya kwanza, alipiga magoti pale pale, karibu na katikati ya uzio. Padre wa wakati ule, mzee mkali aliyezikwa zamani, alikuja akigawa, akafika kwake, akamruka. Akampa aliyefuata.

"Nikabaki nimeachama kama kifaranga," alisema. "Wenzangu wakainuka, wengine wakaja wakapiga magoti pembeni yangu. Akapita tena. Akaniruka tena. Mpaka leo sijui kosa langu. Labda nilicheka. Labda hakuniona tu."

Tangu siku ile hakuwahi kupokea komunyo. Aliimba, alikaa kwenye halmashauri, alitengeneza viti vya kanisa, na kila misa, wakati wa kupokea ukifika, alikuwa na kiti cha kupanga au mtoto wa kutoa nje. Maisha yake yote. Hakuna aliyegundua, hata mke aliyelala naye kitanda kimoja.

"Na leo?" Pindo akauliza.

"Leo alisimama. Ulimsikia. Alisimama, na mimi nikakimbia."

Padre alikuja kesho yake. Nilidhani atatucheka, maana kwenye mahubiri alikuwa akituambia tuache hofu za kale. Aliingia na tabasamu lake, "Tumsifu Yesu Kristo," tukaitikia, akaenda kusimama kwenye kaunta kama anayetaka kushonesha suruali. Akaanza kusema kitu kuhusu akili ya mtu na kumbukumbu. Kisha akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama pembeni ya pengo, amejibana ukutani, na kando yake kulikuwa na nafasi tele.

Alijaribu kusogea. Nilimwona akijaribu. Mguu ulikwenda, mwili ukabaki.

"Nani yuko hapa?" aliuliza.

Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila tabasamu alionekana kijana mno.

"Irudisheni," akasema. "Leo."

Mama mkwe alikuwepo, amekaa kwenye mfuko wa vitambaa. Padre akamgeukia kana kwamba anatarajia vita. "Lakini ngoma zitabaki, bibi."

"Nani kasema ziondoke? Mimi na ngoma hatuna ugomvi, mjukuu wangu. Nataka mahali pa kupigia magoti. Sakafu yako inaniua."

Uzio mzima haukuweza kurudi. Msumari alikwisha kuukata. Kipande kilichobaki, pamoja na ubao wake, alikifunga kwenye kikanisa kidogo kilichoko pembeni ya kanisa, mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia komunyo. Alifanya kazi ile peke yake, bila mluzi. Alipomaliza akaenda kuungama, akakaa huko muda mrefu mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna.

Jumapili iliyofuata Padre alitangaza kwamba foleni iko pale pale, na anayetaka kupiga magoti aende pembeni, atafuatwa. Nilidhani wataenda vikongwe watupu. Wakaenda na vijana, hata mpiga ngoma mmoja, fimbo zake mfukoni. Walijaza kipande chote, na wakaacha pengo.

Msumari alikuwa amesimama na kiti mkononi, kama kawaida yake. Akakiweka chini. Akatembea mpaka pale, akapiga magoti kati ya mama mkwe wake na yule mpiga ngoma.

Nilikuwa benchi la pili. Nilimwona Padre akija kutoka ukutani, taratibu, kwa huyu na huyu. Nilimwona akifika, akisimama. Nikasikia "Mwili wa Kristo," na "Amina" iliyokwama kidogo njiani ndipo ikatoka. Baadaye Msumari aliniambia kwamba alisikia hatua za watu wawili zikija, na kwamba zilisimama za wote wawili, na Padre alipoendelea kwa aliyefuata, zilikwenda za mtu mmoja tu, nyingine zikabaki mbele yake.

Pindo sasa ana kaunta ya plaiwudi. Wateja wanampigia kelele kama zamani, naye anawajibu kwa kelele, na biashara inaendelea. Vibonde kule kanisani viko vilevile. Watu hupiga magoti hapo na husema magoti hayaumi.

Msumari ndiye anayetunza kile kikanisa. Niliwahi kwenda naye mchana mmoja kurekebisha bawaba ya dirisha, kanisa likiwa tupu. Alipofika mlangoni alibisha hodi. Nikataka kucheka. Akanishika mkono, akasikiliza, akaniambia tusubiri kidogo.