Noti Iliyomezwa na Amplifaya

"Nimechoka kulaumiwa kwa mapafu ya mtu mwingine!" Fundi alifoka mbele ya kwaya nzima, bisibisi mkononi. Mama huyu hajui kuteta kwa kunong'ona. "Amplifaya haina kosa. Wewe ndiye umeishiwa pumzi, shemeji."

Shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye besi wa kwaya. Tangu Fundi alipouua mvumo wa spika uliokuwa ukikera ukumbini, noti moja ya besi ilikuwa haitoki kwenye spika, tena ile ya kufungia wimbo. Mwalimu wa kwaya alikwishasema: isiposikika leo, kwenye onyesho la Jumamosi ubeti huo wa mwisho ataimba mwingine.

"Pumzi ninayo. Zima hilo dude lako usikie!"

Fundi akazima. Miaka ishirini ya kufungua redio za watu imemfundisha kwamba kifaa hakisemi uongo; waongo ni wenye vifaa. Shemeji akaimba, na kwenye noti ile vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Mh," Fundi akaguna.

Akawasha tena, akagusisha mita ya kupimia umeme kwenye nyaya za spika. "Shuka polepole." Mshale ukacheza kila noti. Ilipofika ile, ukalala fofofo. Shemeji akashuka zaidi kidogo, ukaamka.

"Kumbe mashine inachagua!" waimbaji wa sauti ya kwanza wakacheka.

Fundi akajikuna shingo. Ili kuua mvumo ule, alikuwa amefunga koili na kapasita ziwe mtego wa kipimo chake. Noti nyingine zikifika hapo hupita zake kwenda kwenye spika. Ile moja yenye kipimo hicho hufunguliwa njia ya kwenda ardhini, spika ikaambulia patupu. Wasomi wanapaita hapo sifuri.

"Mvumo na noti yako ni mapacha, shemeji. Nimefukuza mmoja, wakaondoka wote."

Tena alijua fika kwamba mvumo ulitokana na kapasita kuukuu ya upande wa umeme, iliyokauka. Aliona uvivu kuibandua. Sasa akaibandua, akaweka mpya, akakata na ule mtego wake. Mvumo haukurudi. Ila alipoongeza sauti, spika ikapiga ukelele wa noti moja, watu wakaziba masikio.

"Na hiyo je?" mwalimu akauliza.

"Hiyo ni kinyume cha noti iliyomezwa. Mzunguko wa umeme una noti ambayo ukiigusa tu, unaendelea wenyewe, kama bembea uliyoisukuma ukaondoka. Wanaiita ncha. Bembea ingesimama, lakini maikrofoni inaisikia spika, nayo inazidi kusukuma."

Akaisogeza maikrofoni nyuma ya spika. Kimya.

Shemeji akaimba ubeti wote. Noti ya mwisho ikajaa ukumbi, ikatulia. Mwalimu akaitikia kwa kichwa: Jumamosi ubeti ni wake.

"Shemeji," besi akasema, "nakudai neno moja."

Fundi akaikamata maikrofoni. "Mapafu yake mazima. Kosa lilikuwa langu. Samahani."

"Rudia, sijasikia vizuri."

"Koma, shemeji. Deni limekwisha."