Kwenda Buffalo na Jina la Yehu

Nilikwenda Buffalo kuomba kazi ya utafiti katika makumbusho madogo ya magari ya farasi. Nina shahada ya historia, na miaka minne ya kufunga maboksi katika ghala la Louisville. Jumapili kabla ya safari, kanisa la Wakongo ninalosali pale mtaani Beechmont lilifanya kama desturi yake: lilitoa shukrani kwa kazi ambayo sikuwa nimepewa. Kwaya iliimba. Shemasi Bahati akatangaza, "Mwalimu ameshapata kazi!" Mwalimu ni mimi, nami nilinyamaza kwa kuwa ilinipendeza.

Jumatatu alasiri basi lilinishusha njiani, Columbus, kwa Mama Neema wa Bukavu, aliyewahi kufanya kazi nami ghalani.

"Bon, Mwalimu, utaenda kuambia nini bale bazungu?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa.

Nikamweleza kwamba zamani Waingereza walimwita dereva wa gari la farasi "jehu", kwa jina la Yehu wa Biblia, ambaye mlinzi mnarani alimtambua kwa mbali kwa mwendo wa fujo wa gari lake.

"Ule mwenye alimaliza nyumba ya Ahabu?" Akacheka. "Donc uende na nguvu yake. Lakini kula kwanza, umekonda sana."

Jumanne, Buffalo. Mkuu wa makumbusho, mzee mpole aliyevaa tai shingoni, aliandika kila nilichosema kuhusu Yehu.

"Vizuri sana," akasema. "Haya tutayabandika ukutani. Ila nafasi ya utafiti inataka mtu ambaye wageni watamwelewa anapoongea. Wewe ungependeza juu ya gari letu kama dereva, umevaa kofia ndefu. Hutahitaji kusema lolote."

"Bwana, wewe umenielewa?"

"Kila neno."

Nikakataa kofia, nikaondoka.

Jumapili, Beechmont. Shemasi Bahati aliniita mbele nishuhudie. Nikasema sikupata kazi, na kwamba siku ile ya shukrani nilijua sijapata, nikawaacha waimbe.

"Bon," akasema shemasi, bila kunitazama. "Kaa chini, Mwalimu."

Nilichojifunza ni hiki: Yehu alitambuliwa kwa mwendo wake kabla uso haujaonekana. Mimi kule Buffalo uso wangu ulitangulia, na baada ya hapo hakuna aliyetazama mwendo wangu.

Jumatatu nilirudi ghalani. Maelezo yangu, nadhani, yamekwisha kubandikwa ukutani kule Buffalo, na wageni wanayaelewa.