Kioo Kinachotaka Picha ya Polepole

Hasira za Fundi zilianzia kwenye sentensi moja. Watengenezaji wa kadi ya picha ya kompyuta yake walikuwa wametoa programu mpya ya kuiendesha, wakaandika kwamba uwezo wa mtumiaji kujipangia kasi ya picha umeondolewa, kwa kuwa hauhitajiki tena.

"Hauhitajiki na nani?" aliuliza, ingawa chumbani hakuwamo mtu wa kumjibu.

Yeye aliuhitaji. Katika ukumbi wa michezo wa shemeji yake, mume wa dada yake, lilisimama sanduku la mchezo wa kulenga shabaha, lenye bastola mbili na kioo cha kichogo, kile kinene cha runinga za zamani. Mitambo ya ndani iliungua zamani, na Fundi alitaka kompyuta yake ishike nafasi yake; kioo kilikuwa kizima. Bastola zile husoma mwanga wa kioo cha aina hiyo tu. Mbele ya runinga bapa ni vipande vya plastiki. Na Shemeji alishasema: likikosa picha kufikia Jumamosi, anaita watu wa chuma chakavu.

Fundi hakulala vizuri wiki hiyo. Kioo cha kale huchora mistari yake kwa nusu ya kasi ambayo kadi za leo huiona ndiyo ya chini kabisa. Alirudisha programu ya zamani, akajipangia vipimo mwenyewe. Kadi ikagoma, nukta za picha katika kila mstari zilikuwa chache mno, haikujua kwenda taratibu hivyo. Basi akaihadaa. Kila mstari akaushindilia nukta nyingi zisizo na kazi, kadi ikadhani inakimbia, kumbe mistari inashuka kwa mwendo ule ule wa zamani. Picha ikatetemeka, ikatulia, ikajaa rangi. Dada yake akashika bastola, akaangusha makopo yote, akasema amerudishiwa usichana wake.

Lilibaki sharti moja. Kompyuta iwashwe kwanza, kioo mwisho. Kompyuta inapoamka, kabla vipimo vya Fundi havijashika usukani, kadi hutapika picha kwa kasi yake ya kawaida, na kasi hiyo huunguza kioo. Alimweleza Shemeji, naye akaitikia kwa kichwa huku akipanga soda kwenye friji.

Jumamosi, kwa kutaka kurahisisha mambo, Shemeji alichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, akabonyeza swichi mbele ya wateja. Kioo kikapiga mluzi, kikanuka, kikawa cheusi.

"Lilikuwa zee tu," Shemeji alimwambia Fundi alipofika. "Siku zake zilifika."

"Halijafa kwa uzee, shemeji. Umeliua wewe."

Mteja mmoja alicheka, akaona uso wa Fundi, akaacha. Siku hizi kila kitu huitwa kizee, na wa kwanza kukiita hivyo ni yule aliyekiharibu.

Fundi akafungua mgongo wa sanduku palepale. Kilichokufa kilikuwa transista moja ya kuendeshea kioo, kubwa kama kucha ya dole gumba. Madukani haipatikani tena, alisema kwa uchungu, bila kumwomba mtu. Imebaki ndani ya runinga za kichogo tu, kwa yeyote ambaye hajaitupa yake.

Dada yake akapanda ghorofani, wanakoishi. Akashuka ameikumbatia runinga ya kichogo ya chumbani, ambayo mumewe huitazamia mpira akiwa amejilaza. Waya uliburuta kwenye ngazi.

"Mke wangu, hiyo mbona nzima."

"Ni zee," alisema, akaitua mbele ya mdogo wake. "Fungua."